Kati ya Kutoka na Kutoa

Kwenye Kiswahili, herufi moja tu ndiyo inayotenganisha msiba na kosa la jinai. Mimba imetoka, tunasema, na mwanamke anapewa pole, anapikiwa uji, shangazi zake wanakuja kukaa naye. Ametoa mimba, tunasema, na sauti inashuka, mlango unarudishwa, mtu anaanza kuhesabu miezi kwa vidole. Kutoka, kutoa. Tofauti ni k moja.

Kwenye kitanda cha hospitali, mara nyingi maneno haya mawili hayatofautiki. Damu ni ile ile. Tumbo linauma vile vile. Homa ni ile ile kama kuna kitu kimebaki ndani. Hata matibabu ni yale yale: mfuko wa uzazi unasafishwa, mgonjwa anapewa dawa za kuzuia maambukizi, anaongezwa damu ikihitajika. Tofauti iko kwenye kile atakachosema mgonjwa mwenyewe, na kifungu cha 159 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinasema mwanamke anayejitoa mimba kinyume cha sheria anaweza kufungwa hadi miaka 7. Kwa hivyo akiulizwa, anasema imetoka.

Mimi niko Ramisi. Ukitoka Likoni ukapita Ukunda, Gazi na Msambweni, utaifikia kabla ya Lunga Lunga. Wazee wanaijua kwa kiwanda cha sukari, kilichoanza miaka ya 1920 na kufungwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Siku hizi miwa imerudi chini ya kampuni nyingine. Ni mahali ambapo anayeuza dawa ni binamu ya jirani yako, na anayekubeba kwa boda atamwambia mkewe alikushukisha wapi. Ukiishi mahali kama hapa unaelewa haraka kwa nini swali ninalotaka kuliuliza ni gumu.

Swali lenyewe ni hili: kutoa mimba kunamfanyia nini mwanamke, moyoni mwake na kwenye maisha yake na watu? Wahubiri wana jibu. Wanaharakati wana jibu. Kila mtu kwenye grupu ya WhatsApp ya familia ana jibu. Nilitaka kujua nani ametafiti, ametafiti vipi, na wanawake wenyewe walisema nini. Niliacha chuo kabla ya kumaliza, lakini somo la mbinu za utafiti liliniachia swali moja ambalo bado natembea nalo: ni nani hayupo kwenye hesabu hii? Kwenye jambo hili, swali hilo linauma, manake hapa jibu la kweli linaweza kuwa ushahidi mahakamani.

* * *

Tuanze na sheria, kwa sababu ndiyo iliyofanya watu wanyamaze.

Mzizi wake uko Uingereza, kwenye sheria ya mwaka 1861 kuhusu makosa dhidi ya mwili wa mtu, ya enzi za Malkia Victoria. Wakoloni waliileta huku, na Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1930 ikaipa umbo ambalo bado tunalo. Kifungu cha 158 ni cha yule anayejaribu kumtoa mwanamke mimba, hadi miaka 14 jela. Kifungu cha 159 ni cha mwanamke mwenyewe. Kifungu cha 160 ni cha anayempa dawa au chombo, hadi miaka 3. Waingereza wenyewe walilegeza sheria yao mwaka 1967. Sisi tulikuwa tumeshapata uhuru, na vifungu vikabaki.

Usidhani wakoloni walikuwa wakisumbuliwa na hali ya mwanamke. Mwanahistoria Lynn Thomas, kwenye kitabu chake *Politics of the Womb* cha mwaka 2003, anaeleza yaliyotokea Meru miaka ya 1920 na 1930. Huko, msichana akishika mimba kabla ya kutahiriwa ilikuwa aibu kubwa, na mimba hizo zilitolewa. Maafisa wa kikoloni waliingiwa na wasiwasi kwamba idadi ya watu haiongezeki. Suluhisho waliloliunga mkono likawa wasichana watahiriwe wakiwa wadogo zaidi, ili wakishika mimba wasiwe na sababu ya kuitoa. Soma tena sentensi hiyo. Serikali iliona afadhali mtoto akatwe mapema kuliko kumuuliza mama yake, bibi yake, au yeye mwenyewe, hofu yake ni nini.

Pwani ya kusini ilikuwa na mkondo wake. Wadigo kwa muda mrefu walihesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto alikuwa wa ukoo wa mamake, na mjomba ndiye aliyekuwa na sauti juu yake na ndiye aliyerithiwa. Uislamu, na baadaye sheria na mahakama za kikoloni, zikavutia upande wa baba, na mvutano huo ulizaa kesi nyingi za mashamba na minazi. Sisemi kwamba zamani kuzaa nje ya ndoa hakukuwa na aibu. Ila swali la "mtoto huyu ni wa nani?" lilikuwa na jibu hata kama baba amepotea. Ukoo ukihesabiwa kwa baba, msichana aliyekimbiwa anabaki na mtoto ambaye watu watamwuliza jina lake la pili.

Dini nayo ina mengi kuliko yale tunayosikia barazani. Waislamu wengi wa pwani hii ni wa madhehebu ya Shafi. Wanazuoni wamekubaliana kwamba baada ya siku 120, wakati roho inapopulizwa, kutoa mimba ni haramu isipokuwa kuokoa maisha ya mama. Kabla ya hapo wametofautiana, hata ndani ya madhehebu moja: kuna waliokataza tangu mwanzo, kuna walioruhusu kwa udhuru. Mjadala huo una karne nyingi vitabuni. Msichana wa miaka 17 hapa kijijini amesikia neno moja tu, haramu, na amelisikia likisemwa kwa ukali.

Kisha kuna pesa. Mwaka 1959 Kenya ilipata sheria iliyomruhusu mwanamke ambaye hajaolewa kumshtaki baba wa mtoto ili atoe pesa za matunzo. Wanaume waliichukia. Ilisemwa wasichana wataifanya biashara. Mwaka 1969 Bunge, ambalo halikuwa na mwanamke hata mmoja aliyechaguliwa, likaifuta. Mwishoni mwa mwaka huo huo Grace Onyango akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kuingia Bunge la Kenya. Alikuta sheria imeshakwenda. Ukiunganisha 1930 na 1969 unapata hali hii: mwanamke akitoa mimba ni jela, akizaa mwenyewe hana wa kumdai. Wasiwasi unaoitwa "wa kisaikolojia" ulikuwa na sababu za kisheria kabisa.

* * *

Cha kushangaza ni kwamba moyo wa mwanamke uliingia mahakamani mapema sana, lakini kwa mlango mmoja tu.

Mwaka 1938 jijini London, daktari wa wanawake aliyeitwa Aleck Bourne alimtoa mimba msichana wa miaka 14 aliyebakwa na wanajeshi. Akajipeleka mwenyewe kwa mamlaka ili kesi ifanyike. Jaji Macnaghten aliwaeleza wazee wa baraza kwamba kuokoa maisha ya mama hakumaanishi tu kumzuia asife. Kama kuendelea na mimba kutamvunja kabisa mwili au akili, daktari anaweza kusemwa kuwa ameokoa maisha yake. Bourne akaachiwa. Mwaka 1959, kwenye kesi ya Mehar Singh Bansel, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ikaukubali mwelekeo huo.

Yaani tangu zamani sheria imekuwa tayari kuuliza: mimba hii ikiendelea, itamvunja akili? Hilo ni swali la kabla, na anayelijibu ni daktari. Swali la baada, amekaa vipi, analala, anakula, anaongea na nani, halikuwa kazi ya mtu yeyote.

Hospitali ziliuliza mambo mengine. Miaka ya 1980 madaktari V. P. Aggarwal na J. K. G. Mati walichapisha tafiti kuhusu wanawake waliofikishwa Hospitali ya Kenyatta na hospitali nyingine za Nairobi wakiwa na matatizo ya mimba zilizotolewa. Tathmini ya kitaifa ya mwaka 2004 ilikadiria kuwa karibu wanawake 21,000 kwa mwaka walilazwa hospitali za serikali kwa matatizo ya mimba zilizotoka au kutolewa. Mwaka 2013 Wizara ya Afya na kituo cha utafiti cha APHRC cha Nairobi, pamoja na wenzao wa nje, walitoa makadirio makubwa zaidi: mimba 464,690 zilizotolewa mwaka 2012, na karibu wanawake 120,000 waliotibiwa kwa matatizo yake. Utafiti mpya uliotolewa mwaka 2025 ukapandisha makadirio hayo hadi karibu 793,000 kwa mwaka.

Hizi ni kazi muhimu. Bila hizo tungekuwa bado tunaambiana kwamba ni tabia ya wasichana wachache wa mjini. Lakini ziliuliza mwili: una homa, umetoboka, umepoteza damu kiasi gani. Na zilimwona yule aliyefika hospitali. Aliyetoa mimba salama, akarudi kazini Jumatatu, hayumo. Aliyekufa nyumbani, ikasemwa ni malaria, hayumo pia.

* * *

Sehemu ambayo swali la moyo limetafitiwa zaidi ni Marekani, na huko lilianza kwa siasa. Mwaka 1987 Rais Ronald Reagan alimwomba daktari mkuu wa serikali yake, C. Everett Koop, aandike ripoti kuhusu madhara ya kutoa mimba kwa wanawake. Koop mwenyewe alikuwa anapinga kutoa mimba, na kila mtu alijua. Ilitarajiwa atasema kunawaharibu akili. Januari 1989 alimwandikia Rais barua akisema tafiti zilizopo, za upande huu na ule, hazina ubora wa kumruhusu aseme lolote kwa uhakika. Namheshimu mtu huyu kwa barua hiyo, hata kama hatungekubaliana kwa mengine.

Kasoro kubwa ya tafiti za wakati ule ilikuwa kulinganisha wasiolingana. Unamchukua mwanamke aliyetoa mimba, unamweka kando ya aliyezaa mtoto aliyemtaka, ana mume, ana nyumba. Ukimkuta wa kwanza ana huzuni zaidi, unasema ni kutoa mimba. Kumbe huzuni inaweza kuwa ya mwanamume aliyekimbia, ya kodi, ya kipigo, ya vitu vilivyokuwepo kabla ya mimba.

Diana Greene Foster wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, na wenzake walipata njia nyingine. Kila kliniki Marekani ilikuwa na kikomo cha umri wa mimba. Wapo waliofika siku chache kabla ya kikomo wakahudumiwa, na wapo waliofika siku chache baadaye wakarudishwa. Hao wawili wanalingana: wote walitaka kutoa mimba, tofauti ni siku. Utafiti ukaitwa Turnaway, kwa ajili ya hao waliorudishwa mlangoni. Kuanzia mwaka 2008 hadi 2010 waliandikishwa karibu wanawake 1,000 kutoka kliniki 30, wakapigiwa simu kila miezi 6 kwa miaka 5.

Walichokiona kinawakera watu wa pande zote. Wiki ya kwanza, waliokuwa na wasiwasi zaidi na kujiona duni zaidi ni wale waliorudishwa. Baada ya miezi 6 hadi mwaka, makundi mawili yakawa sawa. Waliotoa mimba hawakuwa na sonona zaidi ya wenzao. Hisia iliyotajwa zaidi ilikuwa nafuu, yaani kutua mzigo, ingawa wengi walikuwa na huzuni na hatia pia, na hisia zote, nzuri na mbaya, zilipungua na miaka. Kila walipoulizwa, zaidi ya asilimia 95 walisema uamuzi ulikuwa sahihi kwao. Waliorudishwa walibaki na madeni zaidi, na walichelewa zaidi kuachana na wanaume waliowapiga. Lakini pia, baada ya miaka 5, ni asilimia 4 tu ya waliorudishwa waliosema bado wanatamani wangetoa mimba ile. Watu huzoea maisha waliyopata. Anayepinga kutoa mimba atashika takwimu hii ya mwisho, anayetetea atashika zile za kwanza, na zote zimo kwenye utafiti mmoja.

Una udhaifu wake. Kati ya wanawake walioombwa kushiriki, chini ya 4 kati ya 10 walikubali. Na ni Marekani, mahali ambapo wakati ule kutoa mimba kulikuwa halali nchi nzima. Siwezi kuchukua asilimia 95 ya huko nikaileta Ramisi kama mtu anayebeba gunia.

Kuna jambo moja kwenye data hiyo ambalo naona linavuka bahari, hata hivyo. Wanawake walioamini tangu mwanzo kwamba watu wa kwao wangewadharau wakijua, ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na msongo wa akili miaka iliyofuata. Yaani hata huko kwenye uhalali, jicho la jirani lilikuwa na uzito wake. Sasa jiulize huku, ambapo jirani ana jicho na pia ana namba ya chifu.

* * *

Utafiti wa Kenya ulionishika zaidi ni wa Chimaraoke Izugbara na wenzake wa APHRC, uliochapishwa mwaka 2015. Walizungumza na wanawake waliotibiwa kwa matatizo baada ya kutoa mimba kwa njia hatari. Walitaka kujua wanawake hao wanamaanisha nini wakisema njia "salama".

Wizara ikisema salama inamaanisha mtu aliyesomea, chombo kisafi, dawa sahihi. Wanawake wale walikuwa na maana nyingine. Salama ni ile inayoficha. Salama ni ile ambayo haitakufikisha polisi. Salama ni ya bei unayoimudu, na umeelekezwa na mtu unayemwamini. Hospitali kubwa yenye jina, ambayo daktari angekuambia ndiyo salama, wao waliiona hatari: foleni ndefu, maswali mengi, wauguzi wanaoongea kwa sauti, kitabu ambacho jina lako litabaki humo. Chumba cha nyuma cha mtu asiye na leseni kilikuwa kinalinda kitu ambacho hospitali haikilindi: jina lao, ndoa yao, kazi yao, nafasi yao kanisani au kwenye chama cha kina mama.

Nilisoma hayo nikaona hawa si watu wasiojua. Wanajua kabisa kwamba unaweza kutobolewa. Wamepima vifo viwili, cha mwili na cha jina, wakachagua kuhatarisha ule ambao labda hautatokea.

Pwani tuna neno la kitu walichokuwa wanakitafuta, nalo ni sitara. Kumsitiri mtu ni sifa njema huku, ni malezi na ni dini. Msichana wa zamani alipokua alipewa somo au kungwi, mwanamke mzima asiye mamake, wa kumfundisha mambo ya mwili na kumtunzia siri zake. Palikuwa na mlango mmoja wa kubisha. Siku hizi kungwi wengi wamebaki kwenye sherehe za harusi, na msichana aliyeona siku zake zimepita anauliza simu yake, halafu rafiki yake, halafu mtu wa famasi. Siri bado ipo, ila sasa anaibeba peke yake. Na wahenga walisema mficha maradhi, kilio humuumbua. Anayefika Msambweni siku ya nne akiwa anatetemeka kwa homa hakuchelewa kwa ujinga. Siku zile 3 alikuwa anasubiri, labda itakwisha bila mtu kujua.

Hapo ndipo naona madhara ya moyo na madhara ya mwili ni jambo moja. Aibu humchelewesha, kuchelewa humuumiza, kuumia humfichua, na kufichuka ndiyo ile ile aibu aliyokuwa akiikimbia.

* * *

Hofu hiyo haikutungwa. Mwaka 2004 vijusi 15 viliokotwa vimetupwa Nairobi, na Dkt. John Nyamu pamoja na wauguzi wawili wakashtakiwa kwa mauaji. Walikaa rumande mwaka mzima kabla ya kuachiwa mwaka 2005. Kila mhudumu wa afya nchini alipata ujumbe.

Katiba ya 2010 ilibadilisha mambo, kwenye karatasi. Ibara ya 26(4) inasema kutoa mimba hakuruhusiwi isipokuwa, kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyefunzwa, kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine imeruhusu. Wizara ikatoa mwongozo kwa wahudumu mwaka 2012, ikauondoa Desemba 2013, na mapema 2014 ikapiga marufuku hata mafunzo. Mwaka huo huo wa 2014, msichana wa Kisii anayejulikana mahakamani kama JMM, mwenye miaka 14 au 15, alibakwa, akashika mimba, akatolewa na mtu asiyehitimu. Alihamishwa hospitali baada ya hospitali, figo zikafa. Alifariki Juni 2018. Juni 2019 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kuondoa mwongozo ule kulikuwa kinyume cha sheria, ikampa mamake fidia ya shilingi milioni 3, na ikasema afya ya mama ni pamoja na akili yake. Uamuzi ulichelewa kwa mwaka mmoja.

Kesi ya pili ni ya huku kwetu pwani, kaunti ya Kilifi. Mwaka 2019 mwanafunzi anayeitwa PAK kwenye hati za kesi alipata maumivu na kutokwa damu, akaenda kliniki. Tabibu alimpima, akaona mimba imeshaharibika, akamtibu. Polisi wakavamia kliniki matibabu yakiendelea, wakawakamata wote wawili. Msichana alihojiwa akiwa mgonjwa, akapelekwa hospitali nyingine kupimwa bila ridhaa yake, akashtakiwa, akawekwa mahabusu ya watoto kwa zaidi ya mwezi. Kwa tabibu mimba ilikuwa imetoka. Kwa polisi, alikuwa ameitoa. Machi 2022 Jaji Reuben Nyakundi wa Mahakama Kuu Malindi aliifuta kesi hiyo, akasema haki ya huduma hii ni ya kikatiba na kukamata wagonjwa na wahudumu ovyo ovyo ni kinyume cha sheria.

Mawakili walishinda hoja. Mimi nafikiria ule mwezi. Kama leo mtafiti angekaa na msichana kama yule amuulize kutoa mimba kumemwathiri vipi, na msichana akasema hapati usingizi na anaogopa akisikia mlango unagongwa, mtafiti angeandika nini? Angeandika ni madhara ya mimba, au ya polisi? Kwenye dodoso zote mbili zinajaza kisanduku kimoja.

* * *

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Tukisema kutoa mimba kunawaumiza wanawake wa Kenya moyoni, tuna wajibu wa kutenganisha kinachouma. Tafiti nzuri zilizopo zinaonyesha kwamba sehemu kubwa ya uchungu inatoka kwa watu: mwanamume aliyekana, mama aliyetoa maneno makali, muuguzi aliyesema kwa sauti, askari, na kubwa zaidi, miaka ya kukaa na siri bila mtu wa kumwambia. Tukilijumlisha lote tukaliita "madhara ya kutoa mimba", tunamrudishia mwanamke bili ya mambo tuliyomfanyia sisi.

Lakini sitaki mtu asome hapa aelewe kwamba huzuni ni ya kupandikizwa. Wapo wanaoomboleza, wengine miaka mingi. Wapo wanaoamini walitenda dhambi na wanatubu, na imani hiyo ni yao, si ugonjwa wa kutibiwa na makala. Wapo waliotaka kuzaa wakalazimishwa kutoa na mume, au mama, au mwanamume mwenye mke wake. Hao wanapata shida mara mbili, manake wanaopinga wanawahukumu na wanaotetea hawajui wawaweke wapi. Na wapo waliopata nafuu, wakamaliza shule, wakazaa baadaye wakiwa tayari, na hawawezi kusema neno nafuu mbele ya mtu yeyote. Mwanamke mmoja anaweza kuwa wote hawa kwa siku tofauti.

Kwa anayetaka kutafiti huku, ningeomba aanze na mahali pa kuongelea kabla ya dodoso. Mtu ajue kwamba jina lake halitaandikwa, kwamba anayemuuliza si wa kijiji kile, kwamba anaweza kuacha katikati. Asiulizwe tu "ulijuta?" Aulizwe nani alijua, alisema nini, alikwenda naye hospitali nani, na tangu siku ile amemwambia nani. Naamini majibu ya maswali hayo yatatueleza zaidi kuliko alama za sonona peke yake.

Na kwa sisi tusiotafiti chochote, tunaokaa tu na dada zetu na marafiki zetu: Ibara ya 43(2) ya Katiba inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Mwanamke anayetokwa na damu nyingi, mwenye homa, mwenye maumivu makali ya tumbo, ana haki ya kutibiwa, iwe imetoka au ameitoa. Ukimwona hivyo usimhoji. Tafuta usafiri, nenda naye, kaa naye kwenye foleni. Mkirudi, mpikie uji. Akitaka kuongea ataongea, na ukishayasikia usiyapeleke popote.